Masikio ya Spanieli Mdogo

Miongoni mwa mbwa wadogo wanaofugwa majumbani huko Uingereza, yuko mmoja ambaye masikio yake ndiyo uzuri wake na ndiyo taabu yake. Jina lake kamili ni Cavalier King Charles Spaniel, lakini hapa ataitwa spanieli mdogo. Uzito wake ni ratli 12 hata 18, yaani kilo 5 na nusu hata 8, hivi hata mtoto aweza kumpakata. Manyoya yake ni marefu, laini, ya singa; yananing'inia kifuani, nyuma ya miguu, mkiani, na kupita mahali pote, masikioni. Masikio hayo yameota juu kichwani, yakashuka kando ya mashavu kama mapazia mawili ya hariri. Mtu amwonapo mara ya kwanza hutaka kuyashika na kuyapapasa. Ni wachache watakao kuyainua na kutazama yaliyo chini yake, na huko chini ndiko kwenye kazi.

Mbwa huyu ana nasaba ya kifalme. Charles wa Pili, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1660 hata 1685, aliwapenda mno spanieli wadogo, akawa nao hata katika baraza lake. Samuel Pepys, aliyekuwa karani mkubwa wa mambo ya manowari, aliandika mwaka 1667 katika kitabu chake cha habari za kila siku, akimlaumu mfalme kwa kucheza na mbwa wake wakati wa shauri badala ya kuyaangalia mambo ya nchi. Basi mbwa wale wakaitwa kwa jina la mfalme wao. Baadaye, katika karne ya 19, wafugaji walipendezwa na mbwa wenye pua fupi na uso bapa, wakachagua wazazi wa namna hiyo kizazi baada ya kizazi, hata mbwa wa zamani, yule mwenye pua ndefu kidogo anayeonekana katika picha za siku za Mfalme Charles, akawa haonekani tena. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, alifika London kwenye maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts, akamtafuta mbwa wa zamani asimpate. Akaahidi zawadi ya pauni 25 kwa atakayemleta. Mwaka 1928 wafugaji wakaunda chama, wakaandika sifa zinazompasa mbwa huyo, na kielelezo chao kilikuwa mbwa mmoja aliyeitwa Ann's Son. Hata mwaka 1945 chama kikuu cha mbwa cha Uingereza kikakubali kwamba yeye ni aina yake mbali, wala si yule wa pua fupi. Hivyo pua ilirudi. Masikio marefu hayakuwa yameondoka kamwe.

Katika asili, masikio ya wanyama wa jamii ya mbwa husimama. Mbwa-mwitu na mbweha wako hivyo; basenji, mbwa wa kuwindia wa nchi ya Kongo, yuko hivyo pia; na mbwa wengi wa vijijini katika Afrika ya Mashariki masikio yao husimama, au hukunjika ncha tu. Upepo huingia katika sikio la namna hiyo ukatoka, na maji yakiingia hukauka upesi. Sikio la spanieli halina bahati hiyo. Jani la sikio, yaani ile sehemu pana ya nje, limelala juu ya tundu kama kifuniko juu ya chungu, tena kifuniko chenyewe kimevikwa manyoya. Chini yake mna joto, giza, na unyevu. Mtu aliyepata kusahau nguo mbichi ndani ya sanduku lililofungwa ajua mambo yatokeayo mahali pa joto, giza, na unyevu.

Tena njia iliyomo ndani ya sikio la mbwa si kama ya mtu. Njia ya sikio la mtu ni fupi, kadiri ya inchi moja, nayo yaelekea ndani karibu sawasawa. Ya mbwa ni ndefu zaidi, na ina kona. Kwanza yashuka chini kando ya shavu, kisha yageuka na kuingia ndani kuelekea katikati ya kichwa, mfano wa herufi L. Kwa sababu hiyo maji au uchafu ukishuka chini ya kona hauna njia rahisi ya kutoka, kwa maana ungelazimika kupanda. Mwisho wa njia hiyo pana ngozi nyembamba sana, iliyowambwa kama ngozi ya ngoma, nayo huitwa kiwambo cha sikio. Sauti hukipiga kiwambo, kiwambo hutikisika, na nyuma yake mifupa mitatu midogo huupokea mtikiso huo na kuupeleka ndani zaidi, kwenye chombo kilichojiviringa kama nyumba ya konokono. Kutoka huko mishipa ya fahamu huchukua habari mpaka kwenye ubongo. Karibu na chombo hicho kipo kingine, kinachomjulisha mbwa kama kichwa chake kimesimama sawa au kimeinama; kikiugua, mbwa huyumbayumba, hata huanguka.

Mtoto wa mbwa huzaliwa masikio yake yamefungwa, hasikii kitu. Hufunguka apatapo majuma mawili hivi, na tangu hapo dunia yake hujaa sauti ambazo mtu hazijui. Kijana mwenye masikio mazima husikia sauti nyembamba hata zile zitikisazo hewa mara 20,000 kwa sekunde moja. Mbwa husikia hata mara 45,000 hivi. Mwaka 1876 Mwingereza Francis Galton alitengeneza filimbi ndogo sana, itoayo sauti nyembamba isiyosikiwa na watu. Akaitia katika ncha ya fimbo yake ya kutembelea, akaenda katika bustani ya wanyama ya London, akawa akiisogeza fimbo karibu na masikio ya wanyama na kuipiga kwa kubana mpira ulio kwenye mpini, apate kuona ni nani atakayeyatega masikio yake. Alionelea kwamba mbwa wadogo walizisikia sauti hizo, na wakubwa hawakuzisikia. Katika jambo hili la pili hakupata kweli: upimaji uliotangazwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba ukubwa wa mwili haubadili neno, na mbwa wakubwa kwa wadogo husikia karibu sawasawa. Hii ndiyo hazina iliyomo chini ya manyoya yale ya hariri, nayo huweza kupotea kwa uzembe, na huweza pia kupotea kwa mkono wa mtu mwenye nia njema asiyejua kazi.

Kwa maana sikio zima lina njia yake la kujisafisha lenyewe. Ngozi iliyo ndani ya tundu haikui mahali pamoja tu. Hukua kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje, taratibu mno, ikichukua nta na vumbi juu yake, kama mkeka uvutwao polepole nje ya chumba pamoja na takataka zilizo juu yake. Nta yenyewe si uchafu. Yashika vumbi na kuilinda ngozi. Mtu atiaye kijiti chenye pamba ndani ya tundu asukuma mkeka ule nyuma. Nta iliyokuwa ikitoka hurudishwa chini ya kona, hushindiliwa juu ya kiwambo, na huko huwa donge gumu. Kijiti kikishuka zaidi, au mbwa akistuka, kiwambo chaweza kutoboka. Basi kwa vijiti hakuna ruhusa, hata viwe laini namna gani. Mahali kidole cha mtu kisipofika, na pamba yake isifike.

Kazi yenyewe huanza na manyoya, wala si na tundu. Vyombo ni vichache: burashi laini, kitana cha chuma chenye meno ya nafasi upande mmoja na meno ya karibu upande wa pili, pamba safi, na taulo. Mbwa huwekwa juu ya meza iliyotandikwa kitu kisichoteleza, kwa sababu mbwa asiyekuwa na mahali imara pa kukanyaga huogopa, na mwenye kuogopa hatulii. Mkono mmoja wa mtunzaji huwa juu yake daima, maana spanieli mdogo akiruka kutoka mezani aweza kuvunjika mguu. Mwili, miguu, na mkia havitaki maneno mengi. Hupigwa burashi kwa kufuata njia ya manyoya mara kadha wa kadha katika juma, basi.

Masikio ndiyo yatakayo saburi. Manyoya yaliyo nyuma ya sikio, pale jani liungapo na kichwa, ni membamba kuliko mengine yote, nayo husuguliwa na ukanda wa shingoni kila mbwa ageukapo. Kwa hiyo husokotana upesi yakawa fundo gumu kama donge la sufu. Fundo dogo huivuta ngozi kila mbwa anapotikisa kichwa. Fundo kubwa huifunika ngozi isipate hewa, na chini yake huweza kuwamo vidonda ambavyo hakuna aliyeviona. Wengi wahesabuo mbwa wao kuwa mkali hawajui kwamba humuumiza kila wampapasapo nyuma ya sikio.

Mtu asiye na saburi huchukua mkasi. Hili ni kosa kubwa. Ngozi ya sikio ni nyembamba, nayo huvutwa juu mpaka ndani ya fundo, na ncha ya mkasi haipambanui ngozi na unywele. Tena ukingo wa sikio ukikatwa hutoa damu nyingi, na kwa kuwa mbwa hutikisa kichwa kwa maumivu, jeraha hufunguka tena na tena. Njia iliyo njema ni kulishika fundo kwa vidole karibu na ngozi, ili mvuto wa kitana uishie katika vidole usifike kwenye ngozi. Kisha fundo hupasuliwa kwa vidole vya mkono wa pili, kidogo kidogo, likawa mafundo mawili, kisha manne. Ndipo kitana huanza, kwanza kwenye ncha za manyoya, kikipanda polepole kuelekea mzizi. Mwenye kuanza kwenye mzizi hulikaza fundo. Ikiwa fundo limeshikamana kabisa na ngozi, hupelekwa kwa mtu mwenye mashine ya kunyolea na ujuzi wa kuitumia. Manyoya yataota tena.

Katika maonyesho ya Uingereza sheria ya spanieli huyu ni kwamba manyoya yake yasikatwe kwa urembo. Ni sheria ipendezayo macho, lakini kwa tundu la sikio haisaidii kitu. Mbwa asiyepelekwa kwenye maonyesho aweza kupunguzwa manyoya ya upande wa ndani wa jani, yale yaliyo karibu na tundu, na mtu aliyejifunza kazi hiyo, ili hewa ipate kupita. Kuyang'oa manyoya yaotayo ndani ya tundu lenyewe ni jambo jingine. Hilo huachiwa daktari wa wanyama, kwa sababu tundu lililong'olewa huvimba upesi.

Mafundo yakiisha, jani la sikio hugeuzwa juu ya kichwa, na hapo macho na pua hufanya kazi kabla ya mkono. Sikio zima lina rangi hafifu ya waridi, ni kavu, na harufu yake ni kidogo sana. Pengine mtaonekana nta kidogo, ya manjano au ya kahawia. Sikio kama hili lisiguswe. Wako watu ambao kwa kumpenda mbwa wao huyaosha masikio kila siku, wakidhani kwamba usafi hauzidi kipimo. Unyevu wanaouacha na ngozi wanayoisugua ndivyo vinavyoleta ugonjwa waliokuwa wakiukimbia. Kutazama ni kwa kila juma. Kuosha ni kwa haja, yaani nta ikiwa nyingi, au mbwa akiwa ametoka majini, au daktari akiwa ameagiza.

Haja ikiwapo, hutumiwa maji ya dawa yaliyotengenezwa kwa masikio ya mbwa, yapatikanayo kwa daktari wa wanyama. Spiriti haifai, wala siki, wala maji ya sabuni. Vyote hivi huiwasha ngozi iliyo laini kama ile ya ndani ya mdomo. Chupa hushikwa kwanza mkononi kwa muda, ama huwekwa katika bakuli la maji ya vuguvugu, kwa maana dawa baridi ikishuka sikioni humstua mbwa na kumpa kizunguzungu, na juma la pili atakapoiona chupa atajificha. Mbwa huketishwa, mgongo wake ukielekea kwa mtunzaji ili asipate nafasi ya kurudi nyuma. Jani huinuliwa juu, jambo linaloinyosha kidogo kona ya njia, na dawa humiminwa mpaka tundu lijae. Mdomo wa chupa usiguse sikio, usije ukachukua vijidudu na kuvipeleka upande wa pili.

Ndipo sehemu apendayo mbwa. Chini ya tundu, kando ya shavu, mtu akibonyeza kwa vidole atasikia kitu kigumu kidogo kama bomba. Hiyo ndiyo njia ya sikio. Hukandwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada muda wa nusu dakika, na dawa hulia ndani kama mguu ukanyagao tope. Mbwa wengi huinamisha kichwa na kufumba macho kwa raha. Kisha huachwa atikise kichwa kwa nguvu zake zote. Asizuiwe, kwa kuwa kutikisa huko huirusha nje dawa pamoja na nta iliyolainika chini ya kona, kazi ambayo hakuna mkono wa mtu uwezao kuifanya bila madhara. Mtunzaji mwenye busara hujikinga kwa taulo. Mwisho, pamba safi hufungwa kidoleni, na kile kilichofika nje hufutwa: mikunjo ya jani, na mlango wa tundu, basi. Pamba ya sikio la kuume haifuti sikio la kushoto.

Kazi hii haifai kuanzwa siku mbwa anapougua. Mtoto wa mbwa huzoezwa mapema: leo sikio huinuliwa tu, akapewa kipande kidogo cha nyama, kesho hufutwa kwa pamba kavu, baada ya siku nyingine huonyeshwa chupa. Mtoto wa shule asiifanye peke yake bila mtu mzima, wala asishike masikio ya mbwa asiyemjua, maana mbwa mwenye maumivu sikioni huuma bila kuonya.

Dalili za ugonjwa hazifichiki kwa mwenye kutazama. Mbwa hukuna sikio kwa mguu wa nyuma, husugua kichwa chini, hutikisa kichwa mara kwa mara. Sikio huwa jekundu na la moto. Kukitoka uchafu mkavu mweusi, mfano wa kahawa iliyosagwa, pengine ni utitiri wa masikio, wadudu wadogo ambao jicho haliwaoni vema. Hao hupatikana zaidi kwa watoto wa mbwa na kwa paka, na huambukizana. Kukiwa na mafuta ya kahawia yenye harufu ya uchachu, pengine ni kuvu wa jamii ya hamira. Kukiwa na usaha wa manjano wenye uvundo, pengine ni bakteria. Lakini hiyo ni pengine tu. Daktari huchukua uchafu kidogo kwa pamba, huutazama kwa hadubini, na ndipo asemapo. Hamira na bakteria hukaa kidogo hata katika sikio zima; huzidi pale ngozi iharibikapo kwanza, na mara nyingi chanzo chake ni ngozi ya mbwa kutopatana na chakula fulani, au na vumbi la nyumba, au na chavua ya mimea. Kwa sababu hiyo sikio lililopona kwa dawa hurudia kuugua ikiwa chanzo hakikutafutwa.

Hapa ndipo watu wengi wakoseapo. Mbwa aliugua mwaka jana, dawa ikabaki kabatini. Mwaka huu akuna tena, nao humtilia dawa ile ile. Daktari haanzi hivyo. Yeye kwanza huingiza chombo chenye taa na kioo, aone kama kiwambo ni kizima. Ziko dawa zinazofaa juu ya kiwambo kizima, ambazo zikipita katika kiwambo kilichotoboka huingia ndani na kuviharibu vyombo vya kusikia, na mbwa akawa kiziwi. Mbwa akiinamisha kichwa upande mmoja, au akizungukazunguka, au akianguka, ugonjwa umekwisha kupita kiwambo, na siku hiyo hiyo yapasa aonwe. Kadhalika jani la sikio likivimba kama mto mdogo: mishipa ya damu imepasuka ndani kwa kutikisa kichwa, na damu imejaa kati ya ngozi na gegedu. Hilo nalo ni la daktari, tena pamoja na chanzo cha kutikisa.

Pengine chanzo ni mbegu ya majani. Uingereza wakati wa kiangazi ziko nyasi ambazo mbegu zake zina miiba midogo iliyoelekea nyuma, hata zikiingia katika manyoya haziwezi kurudi, huenda mbele tu. Mbegu moja ikishuka sikioni hufika chini ya kona, na mbwa aliyekuwa akikimbia kwa furaha husimama ghafula, akatikisa kichwa kama mwenye wazimu. Nyasi za namna hiyo zimo Afrika ya Mashariki pia, na kupe wamo. Kupe hupenda ngozi nyembamba ya ndani ya sikio na mikunjo yake. Mbwa mwenye manyoya mafupi hujionyesha kupe wake. Katika sikio la spanieli kupe aweza kukaa siku nyingi akinyonya, na baadhi yao huambukiza homa iuayo. Kwa hiyo baada ya matembezi majanini vidole hupita chini ya kila jani, na kitana hupita katika manyoya yake, hata kama ni mara ya pili siku hiyo.

Tena spanieli huyu ana maradhi mawili ambayo pamba na dawa za kuoshea hazina kazi nayo. La kwanza ni ute mzito unaokusanyika nyuma ya kiwambo, upande wa ndani. Tundu huonekana safi kabisa, lakini mbwa husikia kidogo kidogo, au huona maumivu kichwani na shingoni. La pili ni la kuhuzunisha zaidi, nalo limetokana na watu kuchagua vichwa vidogo vya mviringo. Katika mbwa wengi wa aina hii fuvu ni dogo kuliko ubongo upasavyo kukaa, maji yauzungukayo ubongo hayapiti vema, na mashimo yenye maji hufanyika ndani ya uti wa mgongo. Mbwa huyo hukuna karibu na sikio au shingo, mara nyingi upande mmoja, hasa afungwapo ukanda au atembeapo; lakini ukimtazama vema, mguu wake hukuna hewa, haugusi ngozi. Wenyeji humwosha masikio mwezi hata mwezi, wakishangaa kuwa hakuna nta wala harufu. Mbwa akikuna hewa, chupa ya dawa iwekwe chini, ukanda wa shingoni uvuliwe na mahali pake pawe ukanda wa kifuani, na daktari aambiwe neno hilo moja: kwamba mguu haufiki.

Limebaki jambo dogo la chakula. Spanieli ainamapo kula katika sahani pana, masikio hutangulia mchuzini kabla ya ulimi, na jioni ncha zake zimekauka kama kamba. Wafinyanzi wa Uingereza waliliona hili zamani, wakatengeneza mabakuli mahususi ya spanieli: kitako chake ni kipana, kuta zake hulala kuelekea ndani, na mdomo wake ni mwembamba kadiri ya pua na mashavu tu. Mbwa hutia mdomo ndani, na masikio huangukia nje, moja huku na moja huku, yakabaki makavu.